Marehemu Mwenye Zamu ya Asubuhi

4 Februari

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa karakana ya umeme. Mwalimu ametoka, kwa hiyo nina nafasi mpaka atakaporudi na kuuliza nani kamaliza waya wa shaba. Ni mimi. Usimwambie mtu.

Ile meza inafanya kazi! Unakumbuka likizo iliyopita ulivyorudi kutoka kazini na ile sindano ndani ya kopo, ukasema uliikuta kwenye pindo la shuka la hospitali, imekaa kama inakusubiri? Nilikuahidi nitatengeneza kitu. Basi nimetengeneza. Unatandaza shuka juu ya meza, unalivuta taratibu, na kama kuna chuma ndani, hata kidogo kama sindano ya mtoto, meza inawaka taa nyekundu. Nimeweka taa badala ya mlio kwa ajili ya masikio yako yaliyoharibiwa na zile mashine, na ya wenzako wote.

Sasa sikia jambo la pili. Chuo kimetangaza shindano la wanafunzi wenye mawazo ya biashara. Kuna mchujo, halafu fainali. Kila timu inapanda jukwaani dakika tano kuwashawishi majaji. Washindi wanapewa ofisi ya mwaka mzima, mwanasheria, na nafasi ya kukaa meza moja na wenye mitaji. Nimeingia na mwenzangu wa kitivo cha biashara. Wote wanamwita Spika, maana hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Akikuomba kalamu unajikuta umempa na daftari. Mimi natengeneza, yeye anaongea. Tumegawana vizuri.

Niandikie kila mnachokikuta kwenye mashuka, na namna mnavyoyachambua. Usifiche kitu. Ningekuuliza kwa ujumbe wa simu, ila wewe kwenye simu unajibu kama askari wa zamu: NDIYO. HAPANA. KESHO. Kwenye karatasi ndiyo unakuwa dada yangu.

Msalimie Mama, mwambie nakula.

Mdogo wako


11 Februari

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Mama asikie. Amesema kama unakula, mbona kwenye picha shingo imekuwa ndefu.

Umesema nisifiche. Haya, kaa mbali na chakula.

Mifuko inashuka kutoka wodini saa moja asubuhi. Inapaswa kuwa imefungwa, lakini nusu yake huwa wazi na inavuja. Tunaimwaga sakafuni kwenye chumba cha kuchambulia, mimi na Mama Pacha, glavu mbili mbili na aproni ya plastiki, halafu tunainama. Damu iliyokauka siyo kitu, inakuwa kama karatasi. Mbichi ndiyo shida, inateleza na ina joto lake. Kuna matapishi, kuna kinyesi, kuna yale ya chumba cha upasuaji ambayo sitayaandika kwa sababu Mama anasoma begani kwangu. Tunakuta vijiko, meno ya bandia, simu, wembe, kitovu cha mtoto kikiwa na kibanio chake. Na sindano. Hizo zinakuja hasa kutoka wodi ya wazazi na ya dharura, ambako nesi mmoja anakimbizana na wagonjwa thelathini na hana pa kutupa, anaitupa kitandani na kusema nitairudia.

Tunakagua kwa mkono. Unapapasa shuka kama unatafuta kitu gizani. Hiyo ndiyo teknolojia yetu.

Msimamizi anasema tuvae glavu nene. Glavu nene zimeandikwa kwenye ripoti tu, stoo hazijafika.

Mimi mzima. Siku hizi sina hamu ya kula, nadhani ni hili joto. Shinda hilo shindano. Na huyo Spika mwambie akipanda jukwaani aseme "chumba cha kufulia," asiseme "dobi" kana kwamba tunafua kaptula za wanafunzi.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Tumepita! Timu arobaini ziliingia, zimebaki sita, na sisi tumo. Nilitamani ungekuwepo, halafu nikafurahi hukuwepo. Nitakueleza.

Kila timu imepewa mlezi, mtu mwenye kampuni zake ambaye anakuja kutunoa. Wetu anavaa viatu bila soksi na ananukia kama duka. Siku ya kwanza nilimwonyesha meza. Nilikuwa nimeleta shuka kuukuu lenye doa ili aone hali halisi. Akarudi nyuma hatua mbili, akaziba pua, na shuka lenyewe nilikuwa nimelifua! Akasema, "Jukwaani hatutaki doa. Tafuteni shuka jipya, jeupe." Nikamwambia shuka jipya halina sindano. Akasema, "Binti, hakuna anayenunua sindano. Watu wananunua hisia."

Basi tukanunua shuka jipya. Lilikuwa bado na alama za kukunjwa. Nililiangalia pale jukwaani chini ya mataa nikasikia kitu kama kinyaa. Kitu safi namna ile na mimi nusura nikiogope! Ajabu.

Lakini Spika aliongea vizuri sana. Aligusia habari zako kidogo. Watu waliguswa.

Fainali ni tarehe tisa Aprili. Nina kazi nyingi hapa katikati, nikichelewa kuandika usihesabu siku.

Mdogo wako


6 Machi

Fundi,

Hongera, hongera, hongera! Nimeitangaza mpaka kwa muuza mkaa. Mama Pacha alicheza kwenye chumba cha kuchambulia akiwa na aproni, akateleza, akajishika kwenye mashine. Tulicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza nani amekufa.

Sasa hiyo "aligusia habari zako kidogo" ndiyo sijaielewa. Alisema nini? Niandikie maneno yenyewe, kama yalivyo. Mtu aliyeinamia uchafu wa watu miaka kumi na mmoja akisikia ametajwa mbele ya ukumbi mzima, anataka kujua katajwa vipi. Alisema jina la kazi yangu sawasawa? Alisema kwamba wazo lilianzia kwenye kopo langu?

Na jambo lingine. Nimeongea na msimamizi. Amekubali ulete hiyo meza siku moja tuijaribu kwa mifuko ya kweli. Kulikubali hilo kumemchukua wiki nzima, kwa hiyo lete kabla hajabadilisha mawazo. Ukiwaambia majaji kwamba imejaribiwa kwenye hospitali yenyewe, si mtakuwa mmewamaliza?

Nasubiri maneno.

Dada yako


12 Machi

Dada mpenzi,

Samahani nimechelewa. Mitihani ya majaribio, slaidi, mazoezi, kila kitu kwa pamoja.

Maneno ya Spika sikuyashika yote, nilikuwa nimesimama pembeni nikishughulika na waya. Alisema mambo ya jumla kuhusu hatari ya kazi yenu. Kuna video chuo kimeiweka mtandaoni, lakini usihangaike kuitafuta, imerekodiwa vibaya na hutasikia kitu.

Kuhusu kuleta meza huko, mlezi anasema tusiionyeshe nje kabla ya fainali, kuna watu wanaiba mawazo. Mwambie msimamizi asante, labda baadaye.

Na fainali usije. Najua ulitaka kuomba ruhusa. Ukumbi unajaa, ni wa mwaliko tu, na safari ni ndefu kwa mgongo wako. Nitakueleza kila kitu mwenyewe.

Nakupenda sana dada. Sana.

Mdogo wako


19 Machi

Wewe,

Jumanne nilitoka kazini saa tisa. Nilipokata kona ya nyumbani nikaona viatu mlangoni, vingi, vya kike. Unajua viatu vingi mlangoni maana yake nini. Nikakimbia. Ndani nikamkuta Mama ameketi chini jikoni, majirani wamemshika mabega, simu iko sakafuni. Aliponiona akapiga yowe ambalo hata mimi nililisikia.

Shangazi alikuwa amempigia kumpa pole. Kaona video, mtoto wake kamwonyesha. Akamwambia Mama, "Wifi, mmemzika mtoto bila kutuita?" Mama hakuelewa ni mtoto gani. Kwa dakika kama ishirini, mwanamke yule alikuwa na watoto wawili ambao hakujua yupi amekufa. Wewe simu yako ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa njiani na sisikii simu, unajua.

Halafu nikaitazama hiyo video yako isiyosikika. Bahati yangu mimi sihitaji kusikia. Chini yake wameweka maandishi, makubwa na ya njano. Nikayasoma yote.

"Dada wa mwenzangu huyu alichomwa na sindano iliyofichwa kwenye shuka. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Leo hayupo nasi. Meza hii ni kaburi lake na ni ahadi yetu."

Kaburi langu lina taa nyekundu, kumbe.

Maneno hayo ni ya Spika, simjui, simdai kitu. Nilichokirudia mara nne ni wewe. Umesimama kulia kwake na gauni la bluu. Aliposema "hayupo nasi" uliinamisha kichwa, ukatoa kitambaa, ukafuta macho. Macho makavu. Mimi nimekulea, nakujua unavyolia. Unalia kwa pua kwanza. Pale hukuwa unalia, ulikuwa unafuta.

Sasa nikuambie nami nilichokuficha. Tarehe ishirini Januari nilichomwa. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto, sindano ya wodi ya dharura, haijulikani ni ya mgonjwa gani. Nilipewa vidonge vya kinga vya siku ishirini na nane. Vilinitapisha asubuhi na jioni. Ndilo lile joto nililokuandikia. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungeacha masomo uje unishike mkono. Siku ile mnanifanya marehemu nilikuwa nimemaliza vidonge wiki moja tu. Nimepima mara moja, kipimo cha mwisho bado. Kila nikilala najiuliza. Na wewe ulishanijibia, jukwaani, watu wakapiga makofi.

Mimi kwa kazi yangu sina kinyaa. Nimeshika kila kitu kinachotoka ndani ya binadamu. Lakini ile video niliifunga nikaenda kunawa mikono.

Dada yako, ambaye kesho ana zamu ya asubuhi


22 Machi

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nilipoanza nilijikuta namlaumu Spika, nikaichana. Nakueleza ilivyokuwa, siyo ili unionee huruma.

Kwenye mazoezi Spika alisimulia habari zako za kweli. Kwamba unafanya kazi kufulia, kwamba ulikuta sindano. Mlezi akauliza, "Ilimchoma?" Nikasema hapana. Akauliza, "Kwa hiyo bado yuko kazini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ah."

Hiyo "Ah," dada. Kama mtu aliyefungua sufuria akakuta tupu. Mimi nikaona aibu! Niliona aibu kwamba hujaumia.

Tulipotoka nje Spika akasema, "Angekuwa amekufa tungeshinda." Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Kesho yake akasema hivyohivyo kwenye mazoezi, akasema ni kujaribu tu tuone uzito wake. Mlezi akapiga meza kwa kiganja, "Hiyo! Hiyo ndiyo!" Spika akaniangalia. Nilikuwa na sekunde kama tatu za kusema hapana. Nilizitumia kukunja waya. Mlezi ndiye aliyeniambia niwe na kitambaa. Alinifundisha wakati wa kukitoa, baada ya neno "nasi." Tulifanya mazoezi ya kufuta macho, dada, mara sita, mpaka akaridhika.

Baada ya hapo watu walinishika mkono ukumbini na kunipa pole, nami nikaitikia asante. Mwalimu mmoja alinikumbatia. Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo nikaona mtu wa kutemewa mate.

Sikujua kuhusu sindano. Sikujua kuhusu vidonge. Uliniandikia huna hamu ya kula nami hata sikuuliza. Nilisoma barua yako yote nikitafuta tu mambo ya kuweka kwenye slaidi.

Nimempigia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza?" Akakata.

Nisamehe. Nitajitoa. Nitakuja Ijumaa nipige magoti mbele yenu wote wawili.

Mdogo wako


26 Machi

Usije Ijumaa. Magoti yako hayatatusaidia kitu, sakafu yenyewe tumeshadeki.

Na usijitoe kimyakimya ukajiona umefanya jambo jema. Ukijitoa, mimi nabaki nimekufa. Shangazi bado anawaeleza watu kwamba familia inaficha. Msimamizi kaniita akaniuliza kama nimeishtaki hospitali, maana uongozi umeiona hiyo video na sasa wanatafuta nani kawasema vibaya. Uongo wako una miguu huku, unatembea wodini.

Uliniua jukwaani. Basi panda jukwaani hapohapo, mbele ya watu walewale, ukaseme. Kabla ya hapo usiniandikie neno nisamehe, limeshanichosha.

Dada


10 Aprili

Dada,

Nimesema. Nakueleza kama ilivyotokea, na nakuomba uisome mpaka mwisho kwa sababu haikuisha nilivyofikiri.

Wiki moja kabla nilimwambia Spika. Akapauka. Akasema, "Subiri tushinde, halafu tutatoa ufafanuzi." Mlezi naye akasema mambo ya familia huwa yanasahihishwa baadaye, kwenye tovuti. Wakakubaliana mimi nisiongee kabisa, nisimame tu na meza. Nikakubali, maana nilijua majaji huuliza maswali.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa majaji watano, kila mmoja na chupa ya maji na bakuli la karanga. Spika akaongea. Alipofika kwako akashusha sauti, akaweka mkono juu ya shuka jeupe kana kwamba wewe uko chini yake. Alipomaliza, jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akanigeukia akasema kwa upole, "Binti, dada yako angesema nini kama angekuwepo leo?"

Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, "Angesema mimi ni mwongo. Dada yangu yuko hai. Asubuhi hii ameingia zamu saa moja. Tulimuua sisi, kwa sababu mtu aliye hai tuliona hatufai." Nikasema ulichomwa kweli, kwamba siku tulipokuzika ulikuwa unasubiri kipimo. Nikasema kuhusu kitambaa, na mazoezi sita. Nikasema kuhusu Mama kwenye sakafu ya jikoni. Kisha nikaanza kulia kwa pua.

Nikafikiri sasa tunafukuzwa. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimeanza kuchomoa waya.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi. Halafu safu nzima. Halafu wakasimama, dada, ukumbi mzima ukasimama! Jaji mwenye miwani akavua miwani akafuta macho yake. Akasema hajawahi kuona ujasiri wa namna ile katika miaka yote ya shindano. Spika, ambaye dakika moja kabla alikuwa mweupe kama lile shuka, akanikumbatia mbele za watu akasema kwenye kipaza sauti, "Hii ndiyo timu yetu. Sisi tunasema ukweli."

Wakatupa ushindi.

Nilishuka jukwaani. Mlezi akanishika bega, mdomo wake ukaja mpaka sikioni, nikasikia ile harufu yake ya dukani. Akaninong'oneza, "Hiyo ya kukiri ungeniambia mapema. Tungeifanyia mazoezi."

Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikatapika kwenye mfereji, na gauni la bluu na kila kitu. Nilitapika mpaka maji ya njano. Ndani bado walikuwa wanapiga makofi. Nilijisikia kama nimekuuza mara mbili, mara ya kwanza maiti, mara ya pili mzima, na mara ya pili ndiyo bei ilikuwa nzuri.

Nilirudi ndani kwa jambo moja tu. Niliandika kwenye karatasi kwamba nimejitoa kwenye kampuni, nikaikabidhi kwa karani wa shindano, nikachukua meza yangu. Spika akanifuata mpaka ngazini. "Unachukua nini? Kesho tuna picha!" Nikamwambia achukue shuka. Alilichukua kweli.

Kitu kimoja kimenijia jana nikiwa nafunga nyaya. Tangu mchujo mpaka fainali, majaji, mlezi, wageni wote wale, hakuna hata mmoja aliyesema tuiwashe meza tuone kama inafanya kazi. Hata mmoja.

Sitakuandikia lile neno. Nauliza tu kama ile ruhusa ya msimamizi bado ipo.

Mdogo wako


23 Aprili

Fundi,

Nimeisoma. Mama pia. Alipofika pale pa mlezi na mazoezi alisonya kwa muda mrefu mpaka nikadhani birika linachemka.

Jana nimepewa majibu ya kipimo cha mwisho. Safi. Dada wa maabara alinionyesha karatasi, akarudia kwa vidole kwa sababu nilikuwa nimeshindwa hata kusoma midomo yake. Nilikaa kwenye benchi la nje nikala andazi zima, la kwanza tangu Januari kulisikia ladha. Kisha nikarudi kuchambua.

Shangazi amekuja na kitenge cha kuomba radhi. Mama amekipokea, kashangaa rangi.

Ruhusa ipo. Msimamizi anasema bora uje na meza kuliko uje na video. Njoo Jumatatu, mlango wa nyuma, saa moja kasorobo. Hutafikia nyumbani, utalala kwa Mama Pacha. Mama bado hajawa tayari kukuona, nami sitaki kumharakisha.

Dada yako


8 Mei

Fundi,

Umeondoka Jumamosi bila kuaga sawasawa, na mimi nilikuwa na glavu zenye uchafu nikashindwa hata kukupungia. Kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza habari ya meza. Siku ile ya Jumatatu najua ulitamani ardhi ikumeze. Saa nzima ya kwanza taa iliwaka kwa kila kitu: vifungo, ndoano za sidiria, pini za mafaili, hata bangili ya Mama Pacha. Alikuambia meza yako ina wivu, ukacheka kwa uchungu. Niliona. Lakini ulikaa. Uliinama nasi siku sita, na siku ya pili ulipofungua ule mfuko wa upasuaji nilikuona ukitapika kwenye ndoo, ukafuta mdomo kwa bega, ukarudi mezani. Hilo hukulifanyia mazoezi.

Na Alhamisi, mfuko wa wodi ya wazazi, taa ilipowaka, sote tulidhani ni kifungo tena. Mama Pacha akapapasa kwa koleo. Sindano, bila kifuniko, imepita katikati ya pindo mara mbili kama imeshonwa. Pale ndipo mkono wangu hupita kila asubuhi. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliitia kwenye boksi, tukavuta shuka linalofuata. Sijui kama uliniona nimegeukia ukutani kidogo.

Mpaka leo tumepata kumi na saba. Msimamizi ameandika ripoti, na safari hii glavu nene zimekuja, zimefika stoo na mkononi.

Sasa sikia kituko. Jana asubuhi msimamizi ananiita nje, kuna mgeni. Nakuta kijana kavaa koti, nyuma yake mpiga picha, mkononi shada la maua limefungwa nailoni. Akafungua mdomo, nami bila kusikia nikamjua. Ni huyohuyo Spika wako. Ana kadi ya kampuni, imeandikwa yeye ni mkurugenzi. Ati atatengeneza meza mpya, haijaanza kutengenezwa, lakini anataka kwanza picha na mimi. "Dada aliyerudi," ndivyo alivyoniandikia kwenye simu yake ili nisome.

Nikamwambia sawa, ila picha zinapigwa ndani, na anayeingia ndani lazima avae. Nikampa aproni na glavu. Mpiga picha nikamwacha nje. Nikamsukumia mfuko mmoja wa dharura nikamwonyesha kwa mkono: chambua huu, ukiisha tutapiga picha mpaka uchoke. Wanawake wote wakaacha kazi. Mama Pacha akamvutia stuli akae vizuri.

Akafungua kamba ya mfuko. Akachungulia. Rangi ya uso ilimwishia kuanzia paji mpaka shingo, akavuta mkono wa koti akaziba pua, akaanza kurudi nyuma nyuma mpaka akagonga mashine ya kukaushia. Hakugusa hata shuka moja. Alivua glavu kana kwamba zinamuunguza.

Mlangoni akakumbuka maua. Akanionyesha ishara, ayaache wapi?

Nikamwambia ayapeleke kaburini kwangu, kama analijua lilipo.

Mambo mengine ni haya. Mama alipika Jumapili akatoa sahani tatu, akakaa akaitazama ya tatu, akairudisha kabatini. Wiki iliyopita hakuitoa kabisa. Na mimi sijakusamehe, usije ukajidanganya kwa sababu nimekuandikia karatasi tatu. Bado nikifumba macho namwona yule msichana wa gauni la bluu anafuta macho makavu, nami naenda kunawa mikono.

Lakini ile taa inawaka kwa ndoano za sidiria na inatuchelewesha mno. Tafuta namna. Ukimaliza mtihani njoo uirekebishe, lete na aproni yako mwenyewe, ile uliyovaa ina wenyewe. Zamu ni saa moja.

Dada yako